Mbwa asiye mkali: Siku ya asiyeona na mnyama anayemwongoza

KATIKA mitaa mingi ya miji ya Kenya, mbwa hutambulishwa na bango kabla hajaonekana. "Mbwa Kali," ndivyo malango yanavyomwonya mpita njia, na ingawa walimu wa Kiswahili hawajachoka kusahihisha upatanisho wa kisarufi wa maneno hayo mawili, ujumbe wenyewe haujawahi kumpotea mtu. Mbwa ni mlinzi, ni meno, ni mnyama wa kuepukwa.

Ziko nchi ambako mnyama huyohuyo amekabidhiwa kazi isiyohitaji meno hata kidogo. Kila asubuhi huvishwa mikanda ya kazi, akamtoa nyumbani mtu asiyeona, akampitisha kati ya magari, nguzo na umati wa watu, akamfikisha ofisini, kisha akalala chini ya meza hadi saa za kurudi. Huyo ndiye mbwa mwongozaji, mnyama ambaye binadamu humkabidhi uhai wake mara kadhaa kwa siku, kila anapofika ukingoni mwa barabara.

Wengi hudhani kwamba mbwa huyo huijua njia na kwamba mwenyewe hufuata tu. Sivyo. Anayeijua njia ni mtu. Asiyeona hubeba ramani akilini: hatua ngapi hadi kona ya kwanza, barabara zipi za kuvuka, harufu ya duka la mikate inayomjulisha kwamba kituo cha basi kimekaribia. Yeye ndiye anayeamuru "mbele", "kushoto" au "kulia". Wajibu wa mbwa ni kuhakikisha kwamba kila hatua ya safari hiyo ni salama. Ni ubia wa chombo kimoja, mtu akiwa nahodha na mbwa akiwa mshika usukani.

Asubuhi

Siku huanza mapema. Chakula kikavu hupimwa kwa kikombe, kiasi kilekile kila siku, kwa kuwa mbwa aliyenenepa huchoka upesi na viungo vyake huumia kabla ya wakati. Baada ya kula na kunywa, mbwa hupelekwa mahali maalumu kujisaidia. Mbwa hawa hufunzwa tangu utotoni kujisaidia kwa amri, ili wasiaibike, wala wasimwaibishe mwenyewe, katikati ya duka au ndani ya basi.

Swali ambalo watu wengi huona haya kuliuliza ni jinsi asiyeona anavyokizoa kinyesi hicho. Jibu ni rahisi. Mbwa akiwa bado amechutama, mwenyewe humwekea mkono mgongoni, akatambua kwa mpindo wa uti wa mgongo ni haja ipi na mnyama ameelekea wapi. Kisha huvaa mfuko wa plastiki mkononi kama glavu, akapapasa mahali palepale, akakizoa na kuugeuza mfuko.

Hufuata kupigwa brashi. Kazi hii si ya urembo pekee. Vidole vya asiyeona hupita masikioni, kati ya kucha, chini ya tumbo na kwenye mkia, vikitafuta kupe, jeraha, au uvimbe ambao jana haukuwapo. Mengi ya maradhi hugunduliwa hivyo, kwa mguso, kabla ya daktari wa mifugo kuyaona.

Hatimaye huvishwa mikanda ya kazi, ambayo huzunguka kifua na mgongo na kuunganishwa na mpini mgumu unaoshikwa kwa mkono wa kushoto. Kupitia mpini huo mtu huhisi kila jambo analofanya mbwa: kupunguza mwendo, kukwepa, kusita, kusimama. Mara mikanda inapofungwa, tabia ya mnyama hubadilika. Aliyekuwa akirukaruka na kutafuna mpira hutulia, akasubiri amri. Jioni ikifunguliwa, hurudi kuwa mbwa kama mbwa yeyote.

Njiani

Barabarani mbwa hutembea upande wa kushoto, hatua kidogo mbele, akifuata mstari ulionyooka. Husimama kwenye kila ukingo wa barabara na kwenye kila ngazi, ya kupanda na ya kushuka. Hukwepa nguzo, mashimo, baiskeli zilizoegeshwa vibaya na watu wanaotembea macho yakiwa kwenye simu. La ajabu zaidi, hufunzwa kukadiria kimo na upana wa mtu anayemwongoza. Tawi lililoning'inia au kioo cha ubavuni mwa lori ni vitu ambavyo mbwa angepita chini yake bila kuguswa, lakini anajua kwamba mwenzake angepasuliwa uso.

Hapa ndipo palipo na tofauti kati ya mbwa na fimbo nyeupe. Fimbo hugusa kizuizi ndipo mtu akajua kipo. Mbwa hukizunguka kabla hakijaguswa, na mara nyingi mtu hajui hata kilikuwapo. Kwa sababu hiyo mwenye mbwa huweza kutembea kwa kasi zaidi. Hata hivyo, si kila asiyeona hupendelea mbwa. Fimbo humpa mwenyewe habari kuhusu ukuta, mlango na aina ya sakafu, haihitaji kulishwa, wala haiugui. Hata wale wanaotaka mbwa hutakiwa kwanza kuwa na ujuzi wa kujiendea wenyewe, kwa kuwa asiyejua anakokwenda hawezi kumwamuru mnyama ampeleke.

Dhana nyingine potovu ni kwamba mbwa husoma taa za barabarani. Macho ya mbwa hutofautisha vizuri rangi ya buluu na ya manjano, lakini nyekundu na kijani humchanganya. Anayeamua wakati wa kuvuka ni mtu, kwa kusikiliza. Magari yaliyo sambamba naye yanapoanza kuondoka, na yale yanayokatiza mbele yake yanaponyamaza, hutoa amri ya kwenda mbele.

Huko ndiko masikio yanakoweza kukosea, na ndiko somo kuu la mbwa linakoanzia. Iwapo ameamriwa kwenda ilhali anaona gari likija, hukataa. Husimama kama nguzo au hujiweka mbele ya miguu ya mtu na kumzuia. Wakufunzi hukuita kutotii huku ukaidi wenye busara. Ni somo gumu kuliko yote, kwa sababu mnyama hufundishwa kwanza kutii kila neno, kisha akafundishwa kwamba kuna saa ambapo utiifu ni kifo: mbele ya gari, ukingoni mwa jukwaa la garimoshi, kwenye shimo ambalo mafundi wameliacha wazi. Mtu naye ana somo lake, ambalo ni kutomlazimisha mbwa anapokataa.

Magari ya umeme yameongeza uzito wa jambo hili, kwa kuwa huja bila mngurumo. Kutokana na malalamiko ya vyama vya wasioona, Umoja wa Ulaya ulilazimisha magari yote mapya ya aina hiyo kuwekewa kifaa cha kutoa sauti yanapokwenda polepole, sheria iliyoanza kutekelezwa kikamilifu mwaka 2021.

Mkono wa mapenzi

Kazini au mkahawani, mbwa hulala chini ya meza. Amefunzwa kutookota chakula sakafuni na kutojibu wito wa mtu asiyemjua. Adui wake mkubwa mahali hapo si mtu mbaya bali ni mtu mwema: yule anayempapasa kichwa, anayempigia mluzi, au anayemtupia kipande cha nyama kwa siri. Mbwa aliyezoeshwa kurushiwa vyakula huanza kuvitafuta, na siku moja huvitafuta katikati ya barabara.

Adabu inayotakiwa ni nyepesi. Zungumza na mtu, si na mbwa. Usimguse mnyama akiwa amevaa mikanda yake. Usiushike mpini wala kumvuta mtu mkono. Muulize kwanza kama anahitaji msaada, kisha umpe mkono wako aushike mwenyewe. Mwenye mbwa wake mwingine amfunge kamba, kwani mbwa mwongozaji aliyewahi kuumwa na mwenzake anaweza kupata woga usiomwezesha kufanya kazi tena.

Jioni ni zamu ya mnyama. Mara kwa mara hupelekwa bustanini au uwanjani akafunguliwa akimbie, akiwa amefungwa njuga shingoni ili mwenyewe ajue kwa sauti alipo. Kisha hurudi nyumbani, akala, akalala, mara nyingi karibu na kitanda cha yule aliyemwongoza mchana kutwa.

Asili ya kazi hii

Mafunzo ya mbwa waongozaji kwa utaratibu maalumu yalianza Ujerumani wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Maelfu ya askari walikuwa wakirudi kutoka vitani wakiwa wamepofushwa na mizinga na gesi ya sumu. Inasimuliwa kwamba daktari Gerhard Stalling alimwacha mbwa wake kwa muda na mgonjwa asiyeona, na aliporudi akamkuta mnyama akimwangalia mgonjwa huyo kana kwamba amekabidhiwa. Mwaka 1916 Stalling alifungua shule ya kwanza mjini Oldenburg. Nyingine ilifunguliwa Potsdam mwaka 1923.

Habari hizo zilivuka bahari kupitia kalamu ya mwanamke. Dorothy Harrison Eustis, Mmarekani aliyekuwa akiishi Uswisi na kufuga mbwa wa kazi, aliitembelea shule ya Potsdam na mwezi Novemba 1927 akachapisha makala katika jarida la Saturday Evening Post. Kijana wa Nashville, Morris Frank, aliyepoteza jicho moja akiwa na umri wa miaka sita na la pili akiwa na 16, alisomewa makala hayo na baba yake. Alimwandikia Bi Eustis akimwomba mbwa, na kuahidi kwamba angewafundisha wengine nchini mwake.

Frank alisafiri kwenda Uswisi mwaka 1928. Katika safari ya kwenda, inasimuliwa, alikabidhiwa kampuni ya usafirishaji na kutunzwa kama kifurushi, akifungiwa chumbani mwake melini. Aliporudi New York mwezi Juni mwaka huohuo alikuwa na mbwa jike aitwaye Buddy, na waandishi wa habari walimtaka athibitishe madai yake kwa kuvuka West Street, barabara pana iliyojaa malori. Alivuka. Kisha alimtumia Bi Eustis simu ya maandishi yenye neno moja: amefaulu.

Mnamo Januari 1929 wawili hao walianzisha The Seeing Eye, shule ambayo hadi leo ipo katika jimbo la New Jersey na ndiyo kongwe zaidi kati ya zilizosalia duniani. Buddy alifariki mwaka 1938. Frank aliwapa mbwa wote waliomfuata jina lilelile.

Nchini Uingereza kazi hiyo ilianzishwa na wanawake wawili, Muriel Crooke na Rosamund Bond, ambao mwaka 1931 waliwakabidhi wanaume wanne wasioona mbwa Judy, Flash, Folly na Meta mjini Wallasey. Kutokana na juhudi hizo kilizaliwa chama cha Guide Dogs mwaka 1934. Barani Afrika, Afrika Kusini ilikuwa na chama chake tangu mwaka 1953, kilichoanzishwa na Gladys Evans, mwanamke asiyeona aliyehamia huko akiwa na mbwa wake.

Malezi ya kilebu

Si kila mbwa anayefaa. Wanaotumiwa zaidi ni wa jamii za Labrador, golden retriever na German shepherd, pamoja na machotara wao, kwa sababu ya umbo lao la wastani, akili na hulka ya upole. Kilebu akifikisha takriban wiki saba au nane hukabidhiwa familia ya kujitolea, ambayo humlea kwa mwaka mmoja au zaidi. Kazi ya familia hiyo ni kumwonyesha dunia: masoko, mvua, garimoshi, watoto wanaopiga kelele, paka wanaokatiza njia. Kisha humrudisha, na kumrudisha huko huambatana na machozi.

Hufuata miezi kadhaa ya mafunzo rasmi chini ya mkufunzi. Baadhi ya mbwa huondolewa: mwoga, mgonjwa, au asiyeweza kumpuuza paka. Hao hupewa kazi nyingine au hufugwa nyumbani. Waliofuzu huoanishwa na watu kwa uangalifu. Mtu mwenye hatua ndefu hapewi mbwa wa mwendo wa pole, na anayeishi mjini kwenye msongamano hapewi mbwa anayependa utulivu. Mtu na mbwa hufunzwa pamoja kwa wiki mbili hadi nne kabla ya kuachwa wajiendee.

Gharama ya kazi hii yote ni kubwa mno, na kwa kawaida hulipwa kwa michango ya umma. The Seeing Eye imekuwa ikimtoza mwanafunzi wake dola 150 kwa mbwa wa kwanza tangu mwaka 1934, kiasi kilichowekwa ili mtu ahesabu kwamba mnyama ni wake kwa haki, si sadaka.

Ngazi 1,463

Uwezo wa mbwa hawa ulishuhudiwa na ulimwengu mnamo Septemba 11, 2001. Michael Hingson, asiyeona tangu kuzaliwa, alikuwa ofisini katika orofa ya 78 ya jengo la World Trade Center jijini New York wakati ndege ilipoligonga. Mbwa wake, Roselle, alikuwa amelala chini ya meza. Waliteremka pamoja ngazi 1,463, katikati ya joto na harufu ya mafuta ya ndege, na kutoka nje kabla jengo hilo halijaporomoka. Katika jengo hilohilo, Omar Rivera aliyekuwa orofa ya 71 alimfungua mbwa wake, Salty, ili angalau mnyama ajiokoe. Salty alirudi kwake, na wote wawili wakaokoka. Mwaka 2002 mbwa hao walitunukiwa Dickin Medal, nishani ya Uingereza kwa wanyama waliotenda ushujaa.

Milango iliyofungwa

Ushujaa huo haujamaliza dhiki za kila siku. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu na ile ya usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 zinawaruhusu mbwa waongozaji kuingia katika maduka, mikahawa na teksi, bila nauli ya ziada. Hata hivyo, wenye mbwa hao wangali wanaripoti kukataliwa na madereva na wenye mikahawa. Kwa mtu anayesimama kwenye mvua akisikia teksi aliyoiita ikiondoka, sheria iliyo vitabuni ni faraja ndogo.

Suala la dini nalo limejadiliwa. Methali ya Waswahili huonya kwamba ukicheza na mbwa, atakufuata hadi msikitini. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hata hivyo, mbwa wa kazi, kama yule wa kuwinda, ana nafasi yake katika sheria ya Kiislamu. Mwaka 2008 msikiti mmoja mjini Leicester, Uingereza, uliafikiana na muumini kijana asiyeona kwamba mbwa wake angepumzika mahali maalumu karibu na mlango huku mwenyewe akiswali ndani. Kijana aliweza kufika msikitini kwa miguu yake, na ukumbi wa swala ukabaki tohara.

Siku ya kuvuliwa mikanda

Mbwa mwongozaji hustaafu akiwa na umri wa miaka minane hadi 10 hivi. Dalili huja polepole: mwendo huzito, husita penye ngazi, huchelewa kuinuka. Ndipo mwenyewe hukabiliwa na uamuzi mchungu. Baadhi huweza kubaki na mbwa mzee nyumbani kama rafiki. Wengine, hasa wanaoishi peke yao, hawawezi kuwatunza wawili, hivyo mstaafu hupelekwa kwa jamaa au kwa familia iliyomlea utotoni.

Anayebaki hupata jaribu jingine. Asubuhi mikanda inapochukuliwa ukutani, mbwa mzee huja mlangoni kama alivyozoea, akakuta inafungwa mgongoni mwa mwingine. Mtu naye hulazimika kuanza upya kumwamini mnyama asiyemjua, akikumbuka kila kosa dogo la mgeni na kusahau kwamba hata yule wa kwanza aliwahi kumgonga nguzoni.

Hali humu nchini

Nchini Kenya mbwa waongozaji ni nadra mno. Gharama ni sababu moja tu. Vijia vya miguu vimejaa bidhaa za wachuuzi na pikipiki, mitaro mingi haina vifuniko, na matatu hazikuundwa zikiwa na nafasi ya mnyama kulala miguuni pa abiria. Mbwa wanaorandaranda bila mwenyewe wangemshambulia mwenzao aliye kazini, na hofu ya kichaa cha mbwa ingali na msingi. Pikipiki na mabasi ya umeme, ambayo yameanza kuenea Nairobi, yanampunguzia asiyeona sauti alizozitegemea.

Kwa hivyo anayewaongoza wasioona wengi humu nchini ni jamaa, na mara nyingi jamaa huyo ni mtoto anayepaswa kuwa darasani. Chama cha Kenya Society for the Blind kipo tangu mwaka 1956, na shule ya wasioona ya Thika imekuwapo tangu 1946. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa umma na kutumia vyombo vya usafiri. Haki hiyo haimtaji mbwa, lakini inataja safari.

Vizuizi ambavyo vingemshinda mbwa mwongozaji jijini Nairobi, Mombasa au Kisumu ndivyo vinavyomshinda leo mwenye fimbo nyeupe. Mtaro ukifunikwa na kijia kikiachwa wazi, anayenufaika wa kwanza ni yule anayetembea sasa hivi akipapasa kwa fimbo, na mtoto aliyekuwa akimshika mkono huweza kurudi shuleni.